Bahasha ya Kundi la Jioni

Daktari Lenah hakai. Ukimtaka, usihangaike kwenda ofisini kwake. Nenda ukasimame pale anapoegesha gari, kwa sababu atapita hapo akija na atapita hapo akiondoka, na katikati yuko kila mahali. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa karani wake, na vikombe vya chai alivyoniachia mezani vikipoa havina idadi.

Kwao ni Misikhu. Babake alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye, na jioni alileta nyumbani karatasi zilizokatwa vibaya. Binti akazijaza maneno ya Kifaransa aliyofundishwa na mtawa mmoja shuleni. Majirani walimcheka: ati utakiongea na nani, na ng'ombe? Yeye akaenda nacho mbali, akarudi na shahada ya udaktari, akaolewa Kitale, kisha akapewa kuongoza Idara ya Lugha za Kigeni katika chuo chetu hapa Bungoma.

Usidanganywe na hilo jina refu. Idara ni vyumba viwili, walimu wanne, Kifaransa na Kijerumani. Kila muhula hakosekani mkubwa wa kuuliza kwa nini tusifungwe, wanafunzi wenyewe wanahesabika kwa vidole. Basi asubuhi Daktari yuko kwa mkuu wa kitivo akitutetea, mchana yuko shule za upili akitafuta wanafunzi, jioni yuko barabarani akirudi Kitale kwa mumewe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wanasema. Huyu wetu hata huo wali hakuwa na wakati wa kuula.

Walimu walimzoea. Tulikuwa na kitabu cha kupokelea karatasi za mtihani: mwalimu akishasahihisha analeta kwangu, naandika, Daktari anazipitia na kutia sahihi, ndipo alama zinapelekwa ofisi ya mitihani. Lakini kwa kuwa hakai, wakaanza kumpa karatasi mkononi pale pale kwenye gari, kupitia dirishani. Mimi nikaona nimepunguziwa kazi. Kitabu kikakaa kwenye droo, nami sikukililia.

Jumatatu moja akaja Jepchumba, mwanafunzi wa kundi la jioni. Huyu alitaka alama moja tu, ya mtihani wa Kijerumani wa mwaka wa tatu, ambayo haikuonekana popote. Bila hiyo, jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mahafali, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi. Mwaka uliotangulia aliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa kuna shule huko Webuye ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha, ikamwambia wazi kwamba bila cheti mwaka huu, nafasi inaenda kwa mwingine.

"Karani, mi nimekuja tena," akasema.

"Rudi Alhamisi," nikajibu, macho yangu kwenye simu.

"Alhamisi gani? Hii, ama ya mwaka ujao?"

Daktari alikuwa anapita mlangoni. Akasimama. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza kama tulivyokuwa tukimweleza kila mtu: mwalimu Kiptanui, yule wa Kijerumani aliyeacha kazi akarudi kulima, aliondoka na karatasi za kundi la jioni. Tulimpigia simu mara mbili, haikushika, tukaridhika.

"Huyo mtu ameniharibia jina," Daktari akasema. Alikasirika mpaka akavunja kalamu. Siku hiyo na ya pili yake aliuliza huku na huku mpaka akajua shamba la Kiptanui liko wapi, na Jumatano asubuhi akaniambia niingie kwenye gari.

Tulimkuta kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akipalilia viazi. Daktari hakungoja hata kukaribishwa. "Mwalimu, karatasi za watu ziko wapi?"

Kiptanui akaegemea jembe. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. "Karatasi gani, Daktari? Si nilikupea."

"Lini?"

"Siku ile ya mvua, ukienda Kitale. Bahasha mbili, ya mchana na ya jioni. Nilikupea kwa dirisha ya gari. Ukasema asante, ukawasha gari."

Bahasha ya mchana tuliipata, hilo nilikumbuka vizuri. Nikamtazama Daktari. Alikuwa akizungusha funguo za gari kidoleni, anazungusha, anazungusha, mpaka zikamwangukia kwenye viazi.

Kutoka pale aliendesha hadi Kitale bila kusimama. Tulipofika kwake hakukaa sebuleni. Alienda moja kwa moja stoo, akaanza kutoa makatoni ya magazeti anayomletea mumewe kwa gari, moja baada ya jingine. Kwenye la nne ikatokea bahasha ya khaki, imefungwa vile vile Kiptanui alivyoifunga. Ndani mlikuwa na karatasi tano, zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Nilifurahi. Nilijua tumeokoka, siku mbili zilikuwa bado.

Daktari akazipanga juu ya gunia la mahindi. Kipkosgei, sitini na moja. Edinah, hamsini na nane. Wawili wengine, hamsini na kitu. Kisha Jepchumba. Thelathini na sita. Kwetu kupita ni arobaini.

Nitasema nilichosema, hata kama kinanivunjia heshima. Nilisema, "Daktari, andika arobaini. Nani ataona? Kiptanui mwenyewe hakumbuki." Akachukua kalamu. Akaishika muda mrefu, mguu wake ukigonga sakafu, nami nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Karatasi hizi zingefika kwa wakati," akasema, "angejua amefeli, angerudia mtihani baada ya miezi mitatu, angehitimu mwaka jana. Kijerumani chenyewe hiki kilimshinda kwa alama nne tu." Akaziandika zote tano kama zilivyokuwa, kwenye barua ya kwenda kwa mkuu wa kitivo. Chini akaandika kwamba karatasi zilikaa kwake, si kwa Kiptanui, mwaka mmoja na miezi minne. Akatia sahihi.

Alhamisi barua ilifika kwa mkuu wa kitivo. Alimwambia Daktari kwamba waliotaka kutufunga sasa wamepata fimbo, kisha akakubali Jepchumba afanyiwe mtihani wa kurudia mwezi ujao. Mwezi ujao orodha itakuwa imefungwa na nafasi ya Webuye imekwenda. Daktari alimwita msichana, akafunga mlango, akamwambia kila kitu. Nilisikia kutoka mezani kwangu.

Jepchumba hakulia. Akauliza, "Kwa hivyo nilifeli?"

"Ndiyo. Lakini kosa la wewe kutojua ni langu."

"Mwaka mzima nimeambia watu nilipita, ni ofisi imepoteza. Nimeambia mama hivyo. Ameambia kanisa." Akavuta pumzi. "Twende umwambie wewe. Mi nimechoka kumwambia."

Tukaenda Kipsongo, kwao Jepchumba, watu watatu kwenye gari. Mama Jepchumba huuza sukuma wiki mbele ya nyumba. Alifunika mboga kwa gunia lenye maji, akatuingiza ndani, akatupa chai. Daktari aliketi kwenye kigoda. Alieleza bila kuficha: bahasha, dirisha la gari, katoni, alama thelathini na sita, nafasi ya kazi. Maneno ya kuomba msamaha aliyarudia mara mbili. Mimi pia nilitaka kusema kuhusu kitabu changu kwenye droo, badala yake nikanywa chai.

Mama akamtazama bintiye kwanza. "Utafanya huo mtihani?"

"Nitafanya."

Kisha akamgeukia Daktari. "Ndani ya hiyo bahasha, mtoto wangu alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Walikuwa watano."

"Hao wanne wako wapi?"

Daktari akaniangalia, kwa kuwa mimi ndiye niliyewajibu walipokuja. Nikasema tuliwaambia warudie somo. Edinah na mwenzake walirudia mwaka mzima. Kipkosgei na mwingine walichoka, wakaacha chuo, wakarudi kwao.

"Nao walifeli?"

"Walipita," Daktari akasema. "Wote wanne."

Nje mteja aliita akitaka sukuma ya ishirini, Mama hakuitika. Akakiinua kikombe cha Daktari, kilichokuwa hakijaguswa, akakiweka mikononi mwake.

"Sisi tumekusikia," akasema. "Kunywa chai, kisha uende kwa hao wanne."