Kidude Alichokitupa Ami

"Huku Pwani kuna baridi gani? Kidude hiki hakina kazi," ami alisema, na alikuwa ameshakitoa kwenye injini ya gari letu. Mafundi wawili aliowaleta wakaitikia kama wanaitikia dua. Kidude chenyewe ni thamostati. Akakirusha majanini kando ya ukuta wetu. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai, sikusema kitu. Huwa sisemi. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akinitaja darasani wenzangu hugeuka kuona kama nina sauti.

Ami ni mdogo wake baba. Baba yuko Arabuni kwa kazi. Alipoondoka alimwachia mama gari la mizigo na akamwomba ami aliangalie. Kwa ami, kuangalia ni kuamua. Mama hupika vyakula vya harusi. Bila gari hana kazi, maana sufuria la biriani halipandi bodaboda.

Ni kweli gari lilikuwa likichemsha, ndiyo maana mafundi wakaitwa. Baada ya kidude kutolewa likawa latembea vizuri hapa mjini, na ami akajisifu katika kila baraza. Kisha tukatoka Malindi na biriani ya harusi ya Kilifi. Kufika Matsangoni mshale wa joto umeingia kwenye nyekundu, mvuke wafoka kwenye boneti. Mama akajifunga leso kiunoni akawa anayapepea masufuria kama wagonjwa. Simu ya kina bibi harusi ililia mpaka ikachoka. Chakula kilifika alasiri, na mama akaomba radhi kwa watu ambao hata hawakumtazama.

Jioni ami akaja na hukumu.

"Injini imekufa, shemeji. Jumamosi naleta mtu alinunue kabla halijawa chuma chakavu."

"Na mimi nibebe biriani kichwani?"

"Pumzika, shemeji. Kwa umri huo."

Umri huo! Mama hana hata mvi. Nilitoka nje kwa hasira nikakitafuta kile kidude majanini mpaka nikakipata.

Ni kidogo kama kikombe cha kahawa, kina springi na visahani viwili. Ndani mna nta. Nta ikipata moto hufura na kusukuma kisahani cha juu, maji ya injini yakapata njia ya kwenda kupozwa kwenye rejeta. Nilikitia kwenye sufuria la maji jikoni. Maji yakachemka, yakatokota, kidude kikabaki kimefunga mdomo. Kumbe kilikuwa kimekwama tu! Kingewekwa kipya, hadithi ingeisha.

Lakini mbona gari lilichemsha tena hata baada ya kutolewa? Jibu nililipata kwenye video ya injini kama yetu. Kisahani cha juu kikifunguka, cha chini huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukitoa kidude chote, njia ya mkato inabaki wazi. Mjini polepole gari litavumilia. Safari ndefu na mzigo, maji mengi yanarudi na moto wake. Baridi ya Pwani haimo kabisa.

Mama akaingia. "Wapika nini kwenye sufuria langu la chai?"

Nikamweleza, macho yangu chini. Akauliza, "Na ukiwa umekosea?"

"Jumamosi litauzwa vilevile."

Akachukua mkoba, tukaenda duka la vipuri. Muuza vipuri alipotuona tunalinganisha kipya na kile cha zamani alicheka. "Watu wote hutoa, nyinyi mwatia? Mnahamia milimani?" Mama alimwambia akifungashe kile kipya.

Kipya nacho nilikichemsha. Hicho kilipanua mdomo mpaka mama akasema mashallah.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, tulimwaga maji kwenye beseni. Nikafungua nati mbili za kifuniko chake, nikakitia na mpira wake mpya wa kuzuia maji yasivuje, kitundu cha kupumulia kikitazama juu. Mama alikaza spana. Mikono yake imezoea masufuria, ina nguvu kuliko yangu. Tukajaza maji yenye dawa ya rejeta na kuliacha gari liungurume bila kifuniko cha rejeta mpaka mapovu yakaisha. Bomba la mpira la chini ya rejeta lilikuwa baridi, baridi, kisha ghafla likawa la moto. Kimefunguka!

Mama alijaza maji kwenye masufuria yake yote, akayapakia kuwa mzigo. Tukapita Matsangoni. Tukafika Kilifi. Mshale haukutoka katikati.

Jumamosi ami akaja na mnunuzi. Mama akasema gari haliuzwi, limepona. Ami akamgeukia yule mtu huku anacheka. "Si nilikwambia? Lilitaka kupumzishwa tu."

Nilisikia masikio yanawaka. "Halikupumzika, ami. Ulitoa kitu, nami nimekirudisha."

Ami akamgeukia mama.

"Shemeji, huyu siku hizi huwajibu wakubwa?"

Mama akanitazama. "Mwombe ami yako radhi."

Nikaomba, maana ndivyo inavyotakiwa. Ami akaridhika, akanyoosha mkono apewe ufunguo ajaribu mwenyewe.

"Kunywa chai, shemeji," mama akasema. Ufunguo ulikuwa mkobani mwake, na mkoba ulikuwa chini ya kwapa.