Nyusi ya Kushoto ya Mama Sumu

Msusi wa saluni iliyotazamana na ukumbi wa maonyesho alikuwa na mdomo mchafu, na hakuwa na mpango wa kuusafisha. Mteja akithubutu kumsema vibaya Mama Sumu, alivutwa nywele mpaka machozi yamlenge. Mama Sumu ni jina ambalo watu walimbandika mwigizaji mmoja wa filamu na jukwaa, kwa sababu hakuwahi kuigiza bila kuvunja ndoa ya mtu. Picha yake ilikaa juu ya kioo cha msusi, na vumbi lenyewe liliiogopa.

Alichokipenda zaidi ni nyusi. Waigizaji wengine wakikasirika hupiga kelele, hurusha vikombe, hujipiga vifua. Takataka tupu. Mama Sumu alinyamaza, kisha nyusi ya kushoto ikapanda polepole, paji la uso likajikunja upande mmoja, na wewe uliyejikalia nyumbani kwako ukaanza kukumbuka makosa yako. Msusi aliwahi kujaribu mbele ya kioo. Zilipanda zote mbili, akafanana na mtu aliyekalia msumari.

Nyumbani adui alikuwa mmoja: wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nao.

"Yule haigizi," wifi alisema kila televisheni ilipowashwa. "Ndivyo alivyo. Ana roho mbaya, basi wanamlipa aje nayo."

"Na wewe mbona hawakulipi?"

Ndivyo walivyoishi, asubuhi na jioni. Basi Mama Sumu alipokuja kuigiza kwenye ukumbi ule, msusi alimtupia wifi yake tiketi mapajani. "Jukwaani hakuna kamera ya kumsaidia mtu. Leo utaniomba msamaha. Usipoomba, jina lake sitalitaja tena ndani ya nyumba hii."

Mchana wa siku hiyohiyo, mlango wa saluni ukafunguka, akaingia Mama Sumu mwenyewe. Msusi wake wa siku zote alikuwa ameugua.

"Zote zirudi nyuma. Zisije zikafumuka jukwaani," alisema, akafumba macho.

Msusi, na mdomo wake wote ule, alibaki bubu. Mapenzi yote yakateremkia vidoleni. Akasuka mistari myembamba na kuikaza kuliko alivyowahi kumkazia mtu, maana kwake kusuka legelege kulikuwa matusi, na huyu hakuwa wa kutukanwa. Mama Sumu aliuma meno tu. Akashukuru kwa shingo upande, akaondoka.

Jioni pazia likafunguka. Kwenye mchezo, mke wa mwanawe alimletea habari za mimba, na ukumbi mzima ukabana pumzi kungoja nyusi. Mama Sumu akageuka. Akanyamaza. Nyusi haikupanda. Paji la uso lilikuwa limewambwa kama ngoma, macho yamekodoka kama ya mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Mtu wa nyuma akacheka. Kisha safu nzima.

"Ndiye huyu?" wifi akauliza, pipi shavuni.

Msusi alijua mara moja ni nani aliyeharibu. Mapumziko yalipofika, alikimbilia mlango wa nyuma na kichana chake cha mkia, akamkuta Mama Sumu kwenye chumba cha kuvalia, mbele ya kioo, akijikanda paji la uso.

"Nani kakuruhusu?"

"Ni mimi niliyekusuka, dada. Nimekubana mno mbele. Nikufumue..."

"Fumua. Funga mdomo, fumua."

Akafumua safu za mbele. Kwenye msuko wa mwisho akashindwa kujizuia. "Dada, mimi nimekupenda miaka yote, nakutetea hata kwa..."

Mama Sumu akamtazama kwenye kioo. Hakusema neno. Nyusi ya kushoto ikapanda polepole, na mle chumbani hapakuwa na mtu aliyekuwa anaigiza.

"Toka," alisema. "Usinisogelee tena maisha yako yote."

Pazia lilipofunguka tena, nyusi ilifanya kazi yake. Ukumbi ukazizima. "Mshenzi huyu!" wifi akafoka, pipi ikamdondoka, akasimama kuzomea na wenzake. Mwisho alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto. Msusi alikaa mikono mapajani.

Njiani wifi akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wifi, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Yule anaigiza. Binadamu hawezi kuwa na roho mbaya vile kwelikweli."

Msusi akazidisha mwendo, wifi akimfuata.

"Na mimi nataka picha yake. Kama ile yako ya saluni. Utanitafutia?"

"Njoo kesho uibandue," msusi alisema. "Chukua hiyohiyo."