Bawabu wa Nyumba za Wakfu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivishwa koti la mtu aliyekufa. Lilikuwa koti jeusi, zito, refu mpaka magotini, na Bawabu Mkuu wa hospitali alinifunga vifungo mwenyewe kama anayemvisha mtoto nguo za Idi. Nilikuwa kijana wa Kizanzibari, sina muda mrefu tangu nifike London baada ya Mapinduzi, na baridi ya mtaa wa Southwark ilikuwa imeshanitia adabu.

"Bawabu si mlinzi," aliniambia. "Mlinzi anazuia watu. Bawabu anawapokea."

Hiyo ndiyo elimu yote niliyopewa, na nyinyi vijana mnaofungua milango kwa kadi mnaweza kuicheka. Lakini bawabu alijua nani kaingia na nani katoka, nani kaja kumtazama mgonjwa na nani kaja kuchukua maiti. Alibeba machela, alichochea makaa, alitia mafuta bawaba za milango zisipige kelele wagonjwa wakilala. Mtaa ule wa nyuma ya kanisa kuu ulijaa majengo makongwe: hospitali, skuli ya kanisa yenye sanamu za watoto juu ya mlango, na nyumba za wazee maskini. Nimeshika milango ya yote matatu. Hospitali ilipohamia jengo jipya nilipelekwa skuli, na skuli ilipofungwa nikapelekwa kwa wazee. Mke wangu alinitania kwamba nina nuksi, kila mlango ninaoushika unafungwa.

Nyumba za wazee zilikuwa vyumba vya matofali vilivyozunguka bustani ndogo. Tajiri mmoja wa zamani alizijenga, akaacha wosia kwamba maskini wa mtaa ule wakae humo bure, daima. Waingereza wana jina lao, lakini mimi nilisema moyoni: hii ni wakfu. Kwetu mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Nikatulia. Nikaona hapa ndipo nitakapostaafu kwa amani.

Palikuwa na ada moja pale. Wakaazi walipita mlango mdogo wa pembeni. Lango kubwa lilifunguliwa kwa ajili ya jeneza tu, na majirani wote walisimama bustanini mpaka marehemu atoke. Aliyenieleza haya ni Bi Doris, mjane asiye na mtoto, ambaye ujana wake wote alifua mashuka ya hospitali.

"Maisha yangu yote nimeingilia milango ya nyuma, Bwana Salim," alisema huku akinimiminia chai. "Siku ile moja nitatoka mbele, na watu wasimame. Usije ukawa likizo."

"Nitakuwepo, Bi Doris."

Nilimpenda kama shangazi yangu. Yeye peke yake hapa London nilimweleza jinsi mama yangu alivyotoka nyumbani kwetu Mji Mkongwe, kwa mlango wa uani, na kanga aliyoivaa, asiwahi hata kuwaaga majirani. Hakunipa pole za maneno mengi. Aliniongezea chai tu.

Kisha akaja Karani wa Wadhamini. Wadhamini ndio waliokabidhiwa mali ile, na karani ndiye ulimi wao. Alisema jengo limechoka, mabomba yameoza, litauzwa. Wazee watapelekwa kwenye makao ya kisasa, wengine huku, wengine kule.

"Si iliandikwa daima?" nikamuuliza.

"Iliandikwa zamani, Bwana Salim," alijibu kwa upole. "Watapata lifti na joto la kutosha."

Mwenye nguvu mpishe. Wakaondoka mmoja mmoja kwa mlango mdogo, na mimi nikiwabebea mabegi. Wa mwisho alikuwa Bi Doris. Asubuhi gari lilipokuja nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake mbele ya lango kubwa, amevaa kofia yake ya kanisani.

"Fungua," akaniambia.

Karani akamwinamia. "Bibi, lango hili ni la maziko."

"Na haya ni nini?"

Karani akanitazama. Alikuwa mkubwa wangu, na sikuona dalili kwamba ameniruhusu. Nikavuta komeo, nikalisukuma lango pande zote mbili. Majirani wa kusimama hawakuwepo tena, basi nilivua kofia nikasimama mimi. Haki yake nimpe yule karani: naye alivua yake. Bi Doris alipita katikati yetu na mkongojo wake, taratibu, wala hakugeuka nyuma.

Alifariki kabla ya majira ya baridi kwisha, katika makao ya wazee Woolwich. Hakuna aliyeniarifu. Nilikwenda kumtembelea na mandazi aliyoyapika mke wangu, nikaambiwa ameshazikwa. Nikamuuliza binti wa mapokezi alitolewa mlango gani. Alishangaa swali lenyewe, lakini akanijibu kwa heshima.

"Kwa lifti ya mizigo, nyuma. Huwa tunafanya hivyo ili wengine wasione."

Nililia pale pale, mtu mzima na kifurushi cha mandazi mkononi. Yule binti akaniletea kiti.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki ngazi, na nyumba za wakfu zimekuwa fleti za watu wenye nafasi. Watu huniuliza kama naijutia kazi ya milango. Siijutii. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi mtu anaondoka duniani kama taka, na walio chumba cha pili wanaendelea kutazama televisheni.

Nimewausia wanangu, waliozaliwa hapa hapa: nikifa, msinipitishe nyuma. Nitoeni mlango wa mbele, mchana, na kila jirani agongewe aje asimame, awe Muislamu au asiwe.

Binti yangu hapendi kuyasikia. "Dad, please, don't talk like that," ananiambia.

"Si maneno mabaya, mwanangu," namjibu. "Hii ndiyo kazi niliyoifanya."