Shamba Lisilo na Matuta

Ukiwa na mgonjwa nyumbani pale Kamina, upande ule wa nyuma ya reli, huhitaji kumwita Mama Mwadi Ngondo. Atakuja mwenyewe, kitenge cha akina mama wa kanisa amekifunga sawasawa, bakuli la uji limefunikwa kwa sahani, na maombi ameshayaanza tangu mlangoni. Anaomba kwa sauti kubwa na hana haraka. Mgonjwa aliyekuwa na usingizi ataupoteza, lakini uji ataupata, nguo zake zitafuliwa, na hatadaiwa hata asante. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, watoto wake wana familia zao Lubumbashi na Kolwezi, na akina mama wa kanisa wamemfanya kuwa rais wao miaka yote hii bila ubishi. Si mnafiki. Nalisema hili mapema, maana ninayokwenda kuyasimulia yanaweza kukufanya umwone hivyo, nawe utakuwa umemwonea.

Jirani yake ni Bijou, mke wa mwanajeshi. Bijou alitoka Équateur, mkoa wa msituni kaskazini, akimfuata mumewe aliyeletwa kwenye kambi ya Kamina, kisha mume akapelekwa vitani mashariki, na yeye akabaki na mdomo wake wa kulisha na pipa la kupikia lutuku. Lutuku ni ile pombe kali ya mahindi ambayo ukipita karibu nayo tu macho yanawasha. Wanywaji walikaa kwenye ua wa Bijou tangu asubuhi, na moshi wa pipa ulivuka ua ukaingia kwenye nguo za Mama Mwadi zilizoanikwa.

Mwaka jana Bijou aliwahi kuja kwenye mkutano wa akina mama, akaomba kuimba nao. Ana sauti nzuri, kila mtu mtaani anaijua. Mama Mwadi alimjibu mbele ya wote:

"Weye acha kwanza lutuku. Sauti ya kuitia balevi haiwezi kuimbia Mungu."

Akina mama walicheka. Bijou naye alicheka kidogo, akakunja kitambaa chake cha kichwa, akarudi nyumbani. Mkutanoni hakuja tena; Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mama Mwadi akaugua tumbo, akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Akina mama walikuja kumwimbia na kumletea chakula kwa zamu. Kisha mvua ikanyesha. Kamina, mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu yuko shambani kwake, na anayebaki mjini siku hiyo atakula nini mwakani? Zamu zikakatika. Hakuna aliyemtupa kwa makusudi. Ardhi tu ilikuwa imelainika.

Aliyekuja asubuhi ile alikuwa Bijou, na uji. Akamkuta Mama Mwadi anafuta machozi.

"Mama, unalia juu ya nini? Kidonda?"

"Hapana. Shamba. Miti ya mihogo ya kupanda niliikata, iko nyuma ya jiko, itakauka bure."

"Lala, mama. Shamba ile, minyi nitaenda."

Mama Mwadi aligeukia ukutani. Hakumwamini. Muuza lutuku, mgeni, ataenda shambani kwa nani? Hata asante hakusema. Uji aliunywa.

Aliporudi nyumbani, siku aliyoweza kutembea akaenda shambani na fimbo. Shamba lote lilikuwa limepandwa, ncha hadi ncha, na machipukizi ya kwanza yametoka. Alilia pale pale, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi watu wa shamba la pili wakasimama kusikiliza. Njiani akajiambia atapita kwa Bijou. Lakini wanywaji walikuwepo, na rais wa akina mama angeonekanaje akiingia pale? Akasema kesho. Kesho nayo wanywaji walikuwepo.

Ikafika Jumapili ya kushukuru. Kanisani kwao, aliyetoka hospitali harudi kwenye benchi lake hivi hivi tu. Anapita mbele na beseni lake la unga, anasimulia Mungu alivyomtendea, na kila aliyemsaidia anatajwa kwa jina, naye anasimama aonekane, apigiwe makofi. Mama Mwadi alijiandaa wiki nzima. Jina la Bijou alilipanga mwishoni kabisa, nakuapia alilipanga.

Alisimulia. Daktari akatajwa, muuguzi akatajwa, akina mama wa zamu wakasimama mmoja mmoja. Akafika kwenye shamba. Mbele yake akina mama walikuwa wamekaa safu nzima, wale wale waliocheka siku ile, na akaona atakavyolazimika kueleza. Na tuseme ukweli, ushuhuda wa malaika hupigiwa makofi kuliko ushuhuda wa muuza pombe.

"Nilikuta shamba yote imepandwa!" alisema. "Nani alipanda?"

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu alianza kusimama. Alikuwa Bijou. Amevaa kitenge kipya, na uso wake tayari ulikuwa na haya na furaha ya mtu anayekaribia kuitwa.

"Minyi sijue!" Mama Mwadi alimaliza, maana ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Mungu alituma malaika wake!"

Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Ngoma zikapigwa. Katikati ya shangwe yote hiyo, Mama Mwadi alimwona Bijou akirudi kukaa, polepole, akilaza kitenge chake magotini kana kwamba alisimama ili kukinyoosha tu. Mama Mwadi alitamani ardhi immeze. Ardhi haikuwa na habari naye, na watu waliendelea kumpigia makofi.

Mchungaji Abner, kijana mwenye moyo wa moto, akatangaza kwamba muujiza kama huo lazima uonekane kwa macho. Ibada ilipokwisha wote wakaenda shambani wakiimba. Mama Mwadi alitembea mbele na fimbo yake, akisali mvua inyeshe iwarudishe. Jua liliwaka vizuri sana.

Aliyeona kwanza ni Mama Nyembo, mzee mwenye macho makali na mdomo usio na breki. Alisimama ukingoni, akainama, akapapasa udongo.

"Matuta iko wapi?"

Kila mtu akatazama. Watu wa Kamina hupanda mihogo juu ya matuta. Mtoto hujua kuinua tuta kabla hajajua kusoma. Shamba hili lilikuwa tambarare, na miti imechomekwa ikiwa imelala upande, mistari mizuri iliyonyooka, namna wanavyopanda watu wa msituni kule kaskazini.

"Eh, malaika ba Mama Mwadi banatoka Équateur!" akasema Mama Nyembo.

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Shingo moja ikageuka, kisha nyingine. Bijou alikuwa amesimama nyuma ya wote, peke yake, viatu mkononi asivichafue.

"Njo weye ulipanda, Bijou?" Mama Nyembo akauliza.

Bijou alimtazama Mama Mwadi. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Mama Mwadi aliinamisha uso.

"Minyi? Hapana, mama," akasema Bijou. "Mungu iko na namna yake ya kupanda."

Mchungaji akakohoa, akaomba haraka, watu wakatawanyika. Mwanamke ambaye Mama Mwadi alimnyima jina alikuwa amemfunikia aibu yake mbele ya watu wote, na yeye akaikubali hiyo zawadi, akarudi nayo nyumbani.

Wiki ile maombi yalimshinda. Alipiga magoti kama kawaida, akaanza, "Asante, Baba," na kila mara aliona kile kitenge kipya kikisimama nusu na kukaa. Alilia, lakini si kilio cha shambani. Hiki kilikuwa cha haya, kikavu. Alikuwa amemwamini Mungu hata tumbo lake lilipopasuliwa. Heshima yake kwa akina mama ndiyo hakumwachia. Hiyo aliona ailinde mwenyewe.

Jumapili iliyofuata alisimama kabla hajaitwa.

"Bandugu, nilisema bongo, nilidanganya mbele ya Mungu. Malaika hakukuya ku shamba yangu. Ni Bijou njo alipanda. Nilijua, na jina yake nilificha, juu nilikuwa na haya naye. Sasa niko na haya na minyi mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji Abner akamwomba Bijou asimame aonekane, na vichwa vyote vikageukia mlangoni. Benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Mama Mwadi hakusubiri wimbo wa mwisho. Alikwenda moja kwa moja, na kitenge chake cha rais, akaingia ua wa Bijou, akapita katikati ya wanywaji wawili walioacha vikombe vyao hewani kwa mshangao. Bijou alikuwa anasonga bukari jikoni, ule ugali mgumu wa kwetu. Hakusimama.

"Nimesema jina yako leo," alisema Mama Mwadi.

Bijou aliendelea kusonga.

"Nilivaa kitenge mupya, mama."

"Nilikuona."

"Nilisema moyoni, leo atanisimamisha."

Mama Mwadi alivuta kigoda, akakaa pale uani penye moshi, mahali panapoonekana barabarani. Ibada ilikuwa imekwisha. Akina mama walikuwa wanapita wawili wawili, na kila mmoja aligeuza shingo.

"Mama, banakuona," Bijou akasema.

"Bacha baone."

Bijou akapakua bukari na sombe ya majani ya mihogo, akaleta maji ya kunawa, akamshikia Mama Mwadi beseni. Kisha akangoja aombe, maana hakuna mtaani asiyejua kwamba penye Mama Mwadi ni yeye anayeombea chakula.

"Omba weye," akasema Mama Mwadi. "Minyi leo siwezi."

Bijou alifumba macho. Maombi yake yalikuwa mafupi.

"Mungu, aksanti juu ya bukari. Aksanti juu ya Mama Mwadi Ngondo, ulimuponyesha. Amen."

Mama Mwadi alilisikia jina lake likitajwa kamili. Alishika tonge mkononi hadi likapoa, na Bijou akamsogezea bakuli la sombe karibu zaidi.