Msitu Tuliougawa kwa Zamu

Mambo haya yote yalitugharimu miti tisini na minne. Nilihesabu visiki mara mbili. Mara ya pili nilianzia upande wa mto, nikitumaini kwamba njia nyingine ingenipa jibu dogo. Ikanipa tisini na minne vilevile, na kimoja zaidi ambacho sikujua kama ni kisiki au ni kiti alichosahau fundi. Hicho nimekiacha nje ya hesabu, kwa hisani.

Msitu wenyewe si mkubwa. Uko chini ya mtaa wetu wa Baba Dogo, kati ya kuta za nyuma za viwanda na mto, na mgeni mwenye haraka angeuita kichaka. Lakini ni ardhi inayolindwa na sheria, na ofisi inayohusika ilikubali tuitunze nayo kwa pamoja: ofisi ibaki mwenye mali, sisi wakaazi tuwe na kamati, na uamuzi wowote ukubaliwe na pande zote mbili. Tuliruhusiwa kukata nyasi, kuchukua kuni za miti mikavu, kusali, na kutoza ada ndogo kwa wanaokuja kupiga picha za harusi. Kugusa mti mbichi, kulima na kujenga, marufuku.

Tulijiandikisha vikundi kumi na viwili. Kulikuwa na akina mama wauza kuni, wafuga mbuzi, vijana wa kuosha magari, sisi wauza mitumba ambao vibanda vyetu viko soko la Jericho na vitanda viko Baba Dogo, na wengine wengi, hadi kanisa moja lisilo na jengo ambalo kwa miaka liliabudu pale chini ya mikuyu kila Jumapili. Mjumbe wa kanisa hilo alikuwa mama muuza uji kwenye geti la kiwanda, mzaliwa wa magharibi ya nchi. Akisema "Bwana asifiwe" unasimama, hata kama umemkimbia kwa sababu ya deni.

Mwaka wa kwanza tulikutana ili tugombane. Wa mbuzi walilalamikia wa harusi, wa harusi wakalalamikia harufu ya mbuzi, na kila mkutano ulifungwa kwa maombi marefu kuliko mkutano wenyewe. Ndipo mimi nikaleta dawa.

Dawa niliyoijua ilikuwa moja: chama. Mitaani kwetu hata mtu asiye na kitanda ana chama. Kila mwezi wote wanachanga, mmoja anabeba, mwezi unaofuata ni zamu ya mwenzake. Nimeona vyama vikisomesha watoto na kuzika wazee. Sijaona kikianguka, isipokuwa pale mweka hazina alipohamia Njiru bila kuaga.

"Tuufanye msitu chama," nikawaambia. "Kila kikundi na mwezi wake. Mwezi wako, msitu wako. Kuni zako, nyasi zako, ada yako, na ulinzi ni juu yako."

Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, alipenda kitu chochote chenye ratiba. "Hiyo imekaa," akasema. Hata ofisa wa misitu alisema ni ubunifu wa wananchi, akapiga mhuri. Tukakunja vikaratasi, tukavitia kwenye kikombe cha plastiki, kila mjumbe akaokota chake. Desemba ikamwangukia mama wa uji. Akafurahi, kwa sababu kanisa lake hufanya kongamano la wiki nzima mwisho wa mwaka, na wageni huja kutoka kwao magharibi. Miaka yote walikuwa wakikodi ukumbi wa shule.

"Basi mwaka huu tuuachie ukumbi?" akaniuliza tukitoka.

"Ukumbi wa nini, mama? Desemba msitu wote ni wenu."

"Na anayekula mwisho hukuta nini chunguni?"

"Kwenye chama, wa mwisho hubeba sawa na wa kwanza."

Akaniangalia kama anayeonja chumvi. "Haya. Nimeshika neno lako."

Ukumbi wakauachia, shule ikawapa watu wengine.

Jambo ambalo sote tulilisahau, watu wenye vyama vitatu vitatu, ni kwamba chungu cha chama hujaa kwa sababu watu huchanga. Sisi tuliweka zamu za kubeba, hatukuweka siku ya kuchanga. Hili naliona leo. Wakati ule nilikuwa nasalimiwa kwa heshima njiani.

Januari akina mama wa kuni waliokota kila kijiti kikavu, wakafagia. Februari mbuzi walikula nyasi, wakaendelea na miche. Kufika Aprili hapakuwa na ukuni wa kuchemshia chai. Sheria ilisema mti mkavu tu. Basi miti ikaanza kukauka.

Mtu angebandua gome kuzunguka shina, upana wa kiganja, na baada ya miezi kadhaa mti ukasimama mkavu, halali kabisa. Na uzuri wa mpango ni kwamba aliyebandua siye aliyekata. Wa Aprili walibandua, wa Agosti wakakata, wakagawana. Kila kikundi katika mwezi wake kilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Mimi ni mtu wa soko, na soko nalijua likiwa hata halijapangwa meza. Lile lilikuwa soko la miti ambayo haijafa.

Nami nilinunua. Mwezi wetu ulikuwa Septemba, na vibanda vya Jericho vilitaka nguzo. Vijana wa kuosha magari walikuwa na migunga yao, imeshakauka, inasubiri mteja. Waliomba makoti matano, nikatoa matatu, na mojawapo zipu yake ilikuwa imekufa. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Katika mkutano wa Oktoba mama wa uji alisimama.

"Mwenyekiti, kivuli kinaisha."

Mzee akafungua makaratasi yake. "Kivuli hakimo katika orodha ya mazao ya msitu, mama."

"Kwani mnadhani sisi tunakwenda pale kuabudu orodha?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa kuosha magari akasema, "Mathe, hiyo miti imejikaukia tu. Ni ukame."

"Ukame gani huo unaovaa mkanda kiunoni?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, kisha tukaingia kwenye ajenda inayofuata. Ingekuwa ni chama cha pesa, mwanachama akasema chungu kimepungua, mlango ungefungwa hadi kila mtu ageuze mifuko. Mimi niliyeleta mpango nilikuwa na haki ya kusema neno. Nilikuwa pia na nguzo mpya Jericho. Nikaangalia viatu vyangu.

Desemba ikafika. Nilikwenda siku ya kwanza kwa sababu mama alinialika, na kumkwepa kungekuwa vibaya zaidi. Mikuyu ilikuwa imebaki miwili. Wazee na wenye watoto wachanga walipangwa hapo, wengine wote wakakaa juani na leso vichwani. Askofu wao, mgeni kutoka magharibi, alikalishwa mbele. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Mama, ule msitu uliotuandikia uko upande gani?"

"Umeukalia, baba," mama akamjibu.

Askofu akatazama kisiki alichokalia. Kufika siku ya tatu wazee walikuwa wakibaki nyumbani. Siku ya tano mvua ikanyesha, hapakuwa na jani la kuizuia, na kongamano likafungwa siku mbili kabla ya wakati. Wageni wakapanda basi wakiwa na mafua. Familia kadhaa za kanisa hilo sasa zinaabudu kwingine, penye mabati juu. Sizilaumu.

Mwaka ulipoanza, ofisa wa misitu alikuja, akatembea peke yake, akarudi. Hakupandisha sauti. Alisema ofisi inaweza kuweka uzio na kuuchukua msitu wake, lakini ingependa kwanza tulete mpango mpya uliotiwa sahihi na vikundi vyote kumi na viwili. Kimoja kikikosa, uzio.

Mama wa uji akasema sahihi yake ina bei. Miaka mitatu asibebe mtu chochote. Kila kikundi mwezi wake kipande miti, kimwagilie, kilinde, kisha kiondoke mikono mitupu.

"Watoto wangu hawali kivuli," akasema mama mmoja wa kuni. Hakuwa akitania, na hakuna aliyecheka.

Kamati ikakaa kando, ikanituma mimi, kwa kuwa najulikana kwa kushusha bei. Nimshushe mpaka miezi sita.

Nilimkuta getini asubuhi, foleni ya wafanyakazi imeisha. Akanimiminia uji kabla sijaomba.

"Umetumwa."

"Nimetumwa, mama."

"Wanataka ngapi?"

"Miezi sita."

"Na wewe mwenyewe, mwanangu?"

Miaka yote ya kupatana bei, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikunywa uji hadi chini, nikamwambia nitarudi. Akasema geti halihami.

Sahihi zinatakiwa kabla ya masika. Mama akishuka, najua tutabandua tena, kwa akili zaidi. Asiposhuka, wa kuni hawana cha kuweka sokoni kesho, na wakikataa kutia sahihi, uzio utatufungia nje sote, pamoja na kanisa lake. Nimeishi kwa kushusha bei za watu, na hii ndiyo ya kwanza ninayoona muuzaji ametaja chini mno: miaka mitatu haikuzi mkuyu. Wewe unayesoma, kama umewahi kukaa kwenye kamati, au hata chama tu cha mtaani, nishauri: nirudi kwa mama nikamwombe apunguze, au niende kwa wale wa vikundi vingine kumi na kimoja nikawaombe waongeze?