Mtungi wa Mama Rukia na Diwani wa Akala

Sikuwa na hamu ya kwenda Nairobi. Aliyenituma ni mama yangu, na mama akikutuma huanzi kuuliza hali ya hewa. Fundi mmoja wa akala, vile viatu vya tairi, pale soko la Kariokor, jina lake Idi, alikuwa ametunga mchezo wa jukwaani kumhusu marehemu baba, aliyekuwa diwani wa mtaa mmoja wa Eastlands kwa vipindi vitatu. Aliuigiza peke yake mbele ya watu, kamera zikimnasa. Filamu ilikuwa tayari, ila hakutaka kuitoa bila sahihi ya mjane. Kuituma kwa simu alikataa pia. Alisema lazima itazamwe kwanza mtaani, na mtu wa familia awepo.

Mama, ambaye magoti yalikwisha kumkatalia safari, aliiweka karatasi ya ruhusa ndani ya Biblia yake bila kuitia sahihi. "Nenda ukaione, Nasimiyu. Kama amemfanya babako kichekesho, hii karatasi itakaa hapa mpaka nife."

Ijumaa asubuhi niliondoka Bungoma kwa basi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia huyo fundi, maana watu wamezoea kuwacheka viongozi waliokwisha kufa. Wafu hawajibu. Jioni niliteremka Nairobi nikaenda kulala kwa binamu yangu anayeishi mtaa wa Njiru.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Kariokor. Nilimkuta Idi ameketi kwenye benchi akikata ukanda wa tairi, miwani imeshuka hadi puani. Ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mikono ya kazi. Kabla sijajitambulisha alisimama.

"Wewe ni wa Diwani. Usiniambie. Hiyo paji ya uso ni yake kabisa."

"Ni mimi. Mama anakusalimu."

"Wa alaikum salaam. Kaa, dada, kaa. Si unaona hizi?" Alinionyesha jozi ya akala iliyoning'inia msumarini. "Mzee alikuwa ananunua kwangu. Hizi ndizo navaa kwa mchezo."

Kweli, baba alivaa akala hadi kwenye vikao vya madiwani, wenzake wakiwa na viatu vya kung'aa. Mama alikuwa akiona aibu. Mimi nilijivunia, ila sikuwahi kumwambia.

Saa nane mchana tulikuwa kwenye ukumbi wa mtaa. Jina la mtaa sitalitaja, wenyewe wanajijua. Kitambaa cheupe kilitundikwa ukutani, watu wakajaa hadi madirishani. Niliketishwa kando ya bibi mmoja aliyejifunga leso, Mama Rukia, mkazi wa pale tangu mumewe alipokuwa mfanyakazi wa reli.

Filamu ikaanza. Jukwaani palikuwa na kiti kimoja na mitungi ya njano imepangwa foleni. Watu wakacheka kabla Idi hajasema neno, kwa sababu waliikumbuka desturi ile. Kila Jumapili baba aliketi kando ya bomba la mtaa, na foleni ya maji ndiyo iliyokuwa foleni ya malalamiko. Mtungi wako ukifika bombani, unaanza kusema. Ukijaa, umemaliza, anafuata mwingine. Siku maji yakitoka kwa matone, watu walihutubia.

Idi akaingia. Aliivua kofia kwa vidole viwili kama baba, na akakohoa kidogo kabla ya kusema hapana, kama baba. Alimwigiza akigombana na karani wa maji na akicheza mbele ya jeneza la rafiki yake. Maneno makali niliyokuja nayo kutoka Bungoma yaliyeyuka yote. Nililia, na sioni haya kusema.

Halafu, kwenye ile filamu, mtazamaji mmoja akainuka, akapanda jukwaani na kuchukua mtungi kwenye foleni. Alikuwa Mama Rukia, yuleyule aliyeketi kando yangu. Hakuna aliyempangia. Alisahau kwamba ni mchezo, au labda hakusahau. Aliuweka mtungi miguuni pa Idi.

"Diwani, uwanja wa watoto wetu ulienda wapi? Siku walipougawa, wewe ulikuwa wapi?"

Jibu nililijua. Nyumbani tulilelewa nalo: siku ya kikao cha madiwani kilichougawa uwanja, baba alikuwa kitandani na malaria. Nikamngoja Idi aseme malaria. Badala yake akaivua kofia.

"Nilikuwa kikaoni, mama. Nilikuwa nimekaa pale. Walipouliza nani anapinga, mkono wangu haukuinuka. Niliogopa."

Nami nilishikwa na hasira hadi masikio yakawaka. Kwa nini amvue nguo mtu aliyelala kaburini?

Ilipokwisha nilimfuata Idi hadi nje. "Nani alikwambia hayo?"

"Yeye mwenyewe. Alikuja Kariokor ile wiki alishindwa kura. Akala yake ilikuwa imekatika, akangoja nishone. Akaniambia yote. Hakusema nifiche, hakusema niseme. Nimekaa nayo miaka, dada. Mama alipokuja na mtungi, nikaona siwezi mdanganya nikiwa ndani ya viatu za mzee. Lakini mkisema nitoe hiyo sehemu, nitatoa."

Mama Rukia alikuwa ametufikia. "Mimi nilimpigia kura mara tatu," alisema. "Ya nne nikamnyima, sababu ya ule uwanja. Angetuambia hivi, mwanangu, ningempa hata ya nne."

Idi alinitilia filamu kwenye simu.

Jumapili, njiani kurudi, niliiwaza safari yangu upya. Nilikuja kulilinda jina la baba, kumbe lilikuwa limetunzwa vizuri na fundi wa akala kuliko nilivyolitunza mimi. Lakini sahihi ilikuwa ya mama, na yeye ndiye aliyetulea na ile hadithi ya malaria. Niliogopa kumvunja moyo kwenye uzee wake.

Jumatatu asubuhi niliisimamisha simu kwenye kopo la sukari. Mama alitazama, akitabasamu penye kofia. Mtungi wa Mama Rukia ulipowekwa chini, nilijifanya naenda kutazama chai jikoni. Maneno ya Idi yalipokwisha, nikarudi.

"Rudisha hapo," alisema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena hadi mwisho.

"Mama, kama unataka hiyo sehemu itolewe, Idi amesema..."

"Malaria gani, Nasimiyu? Shati alilovaa kwenye kikao kile nililipiga pasi mimi."

Akafungua Biblia, akaitoa karatasi, akanyoosha mkono nimpe kalamu.