Lilipowaka Lilikuwa Gari Lake, Lilipokufa Likawa Langu

Admin, jina langu kaa nalo, usimpe hata atakayejifanya ndugu yangu. Hao wa mtaani kwetu Shanwe watakaonijua kwa kisa, wanijue tu. Nimechoka kubeba aibu isiyo yangu.

Nina miaka thelathini na nne, nina mume na watoto wawili, nauza vipuri vya pikipiki hapa Mpanda. Mume wangu ni mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari, na mimi nilianza kumshikia spana kabla sijajua kusoma. Alipofariki, baba zangu wadogo waligawana kila kitu, shamba la Litapunga, ng'ombe, mpaka vitanda. Mimi nikaambiwa, "Wewe umeshaolewa, chukua lile bovu." Bovu lenyewe ni gari la Kijapani la zamani, milango miwili, la chini chini, yale ya watu waliopenda mbio. Taa zake za mbele zinainuka ukiwasha, ukizima zinalala. Kuku walikuwa wanataga kiti cha nyuma. Siku nalivuta kulileta kwangu, shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Miaka mitatu, jamani. Nikifunga duka navaa suruali chakavu, naingia uvunguni. Injini nimeifungua mwenyewe nikaiosha kipande kwa kipande. Klachi nimebadilisha. Kutu nimeikwangua kwa msasa mpaka kucha zikaisha, na rangi nimepiga mwenyewe nyuma ya nyumba, kitenge nimefunga puani. Mume wangu hakushika hata tambara. Alikuwa anakaa barazani na walimu wenzake, wanamtania, "Mwalimu, umeoa mke au umeoa gereji?" Wakiondoka, hasira zote kwangu. Nanuka grisi, mimi mwanamke gani, mara najidhalilisha. Wifi zangu ndiyo usiseme.

Siku lilipowaka kwa mara ya kwanza nililia kama mtoto. Na siku hiyo hiyo mume wangu akaanza kulipenda. Ghafla kajua kuliosha! Jioni analizungusha mjini, taa zinainuka, zinalala, watoto wanashangilia. Siku moja sokoni mama mmoja akaniambia, "Hongera mwaya, bwana'ko fundi kweli. Kasema alilikuta limetupwa akalifufua kwa mikono yake." Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nikamuuliza. Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Sasa ulitaka niseme mke wangu ndiyo fundi? Nionekane mwanaume wa aina gani?" Nikaliacha lipite. Najua hapo nilikosea, msianze kunisema.

Mwezi uliopita mdogo wake alioa kule Kabungu. Mume wangu akaamua gari ndiyo litabeba maharusi, na yeye ndiye dereva. Sikuulizwa, nilitangaziwa. Nikamwambia kitu kimoja tu, "Feni bado haijakaa sawa. Ukiona mshale wa joto umepita katikati, zima, usubiri ipoe yenyewe. Usije ukamwagia maji injini ya moto." Akacheka. "Unanifundisha gari langu?" Langu!

Njiani msafara unaenda taratibu, vumbi limetanda, yeye anapiga resi watu wamrekodi na simu. Mimi niko nyuma kwenye pikapu na akina mama. Mara gari likafuka mvuke, likasimama. Nikaruka chini, nakimbia, viatu mkononi. Nikamkuta kafungua boneti, kashika dumu la maji ya kunywa, ya baridi. Nikapiga kelele, "Usimwage! Utaipasua!" Akanigeukia mbele ya ukoo mzima, bibi harusi anasikia. "Nyamaza wewe, haya mambo ya wanaume." Akamwaga. Injini ikalia paa! Nikajua kichwa cha injini kimepasuka.

Bibi harusi alimalizia safari kwenye bodaboda, shela lote vumbi. Na huyo aliyelifufua kwa mikono yake, mnajua alisema nini? "Nilijua tu. Mke wangu kalichezea sana hili gari." Mama mkwe akadakia, "Mwanamke kashika injini, mlitegemea mfike?" Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke, siyo kwa aibu, kwa hasira.

Ukoo umekaa kikao. Nimeamriwa nimwombe radhi bibi harusi na mama mkwe kwa kuharibu harusi. Thubutu! Sijaomba na siombi.

Sasa shida ni hii. Mjini wale aliowatambia wanamuuliza kila siku, "Fundi, mbona hulitengenezi?" Kabanwa. Juzi kaja na mfuko, nikadhani kaniletea khanga kunituliza. Ni ovaroli jipya, la saizi yake. Ananieleza kwa upole kabisa eti yeye atakaa nje getini kalivaa, kashika spana, anaongea na wapita njia, mimi nitengeneze huku ndani ya uzio. Kachota grisi kwa kidole akajipaka kifuani, nikiwa namwangalia! Nikamwambia waambie watu ukweli kwanza. Akasema, "Bora nilikatishe skrepa." Na wanunuzi wa vyuma chakavu kawaita kweli, wanakuja Jumamosi. Ukoo wote uko nyuma yake.

Kichwa kingine cha injini nimeshakipata, kiko dukani kwangu, hajui. Siku mbili tu zinatosha. Nikilitengeneza, litatembea mji mzima likimsifia yeye. Nikigoma, jasho langu la miaka mitatu na kitu pekee nilichoachiwa na baba yangu vinakatwa vipande mbele ya macho yangu.

Msiniambie nivumilie, mimi siyo jiwe. Nyie wenye ndoa na nyie wenye akili, nipeni neno kabla ya Jumamosi. Niwaachie watu wa skrepa walikate, au nilitengeneze, nimwachie mume wangu aseme ni lake?